Watu watano tulisoma, hakuna aliyeona: "FAMILIA INAWASHUKU"

MamaSaiba (Kisumu), Jumapili, saa 3:40 usiku

Wadau, habari za jioni. Nisomeni polepole, maana bado nina hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu mwenyewe.

Nina kaduka ka saiba hapa Kondele. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, nasaidia watu na fomu za mtandaoni. Lakini kinachonilipia kodi ya nyumba hasa ni programu za mazishi. Mnajua mambo ya huku kwetu: mtu hazikwi bila kijitabu chenye picha, wasifu wa marehemu, ratiba ya ibada, halafu ukurasa wa nyuma wa shukrani. Wiki jana ikaja familia moja. Marehemu alikuwa mama mzee mwenye ndugu Busia, Kakamega, hadi Mombasa, kwa hiyo wakaamua kila kitu kiandikwe kwa Kiswahili asibaki mtu nje. Nikaandika. Nikasoma. Kifungua mimba wa marehemu akasoma akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Mke wake akasoma. Mzee wa kanisa akasoma, tena akaniongezea mstari wa Zaburi. Kijana wangu wa kazi akapitia kabla ya kubonyeza printa. Watu watano. Kopi 300, rangi, karatasi ya kung'aa.

Ijumaa asubuhi binti yangu wa gredi ya tatu alikuwa dukani ananisaidia kupanga. Shule zimefungwa. Akachukua kimoja, akaweka kidole chini ya maandishi kama walivyofundishwa, akaanza: "Fa-mi-li-a i-na-wa-shu-ku..." Akanyamaza. Akarudi nyuma, akasoma tena. Kisha akaniuliza, "Mama, wanatushuku kwa nini?"

Ukurasa wa nyuma, katikati, herufi kubwa:

FAMILIA INAWASHUKU WOTE WALIOSIMAMA NASI WAKATI WA UGONJWA NA MAZISHI.

Sasa fikirieni matanga ya huku. Watu tayari wanaangaliana kwa pembe ya jicho, nani alikuja na nani hakuja, nani alilia na nani alijifanya. Halafu familia yenyewe inatangaza kwa karatasi ya kung'aa.

Swali langu ni hili. Macho kumi yalipita hapo. Yaliona nini? Kuna ile meseji inayozunguka kwenye magrupu kila mwaka: "Ubnogo wa bniadamu hsuoma nneo zmia, si hreufi mjoa mjoa." Eti herufi ya kwanza na ya mwisho zikikaa mahali pake, za katikati changanya utakavyo, mtu atasoma tu. Ni kweli? Kwa sababu kama ni kweli, basi katika miaka tisa ya ya kuchapa sijawahi kuwa na ubongo unaofanya kazi vizuri kama Alhamisi ile.

Mjuba_wa_Bondeni (Nakuru)

😂😂😂 Dada pole, lakini nimecheka mpaka chai imenipalia. Familia ilisemaje?

Mchora_Mabango (Kisumu)

Mambo ya ubongo ni visingizio vya watu waliosoma. Ulilipwa kuchapa, ulichoka, ukaharakisha. Mimi nachora mabango ya vibanda na mbavu za matatu tangu 2006, na kabla sijaweka brashi naandika neno kwa chaki kwanza. Chaki haidanganyi.

Mhariri_Mstaafu (Nakuru)

Dada MamaSaiba, pole sana. Nilikuwa msoma prufu wa gazeti, yaani mtu wa kusaka makosa kwenye nakala ya majaribio kabla haijachapwa, kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kurudi nyumbani Nakuru kufuga kuku, kwa hiyo niruhusu niseme mambo mawili matatu.

Kwanza, wewe hukuharakisha. Kosa kama hilo halionekani kwa kusoma, hata usome mara kumi, kwa sababu kusoma ndiko kunakolificha. Anayesoma anatafuta maana. Akishaipata, anaondoka. "Familia", "wote", "waliosimama nasi", ukurasa wa mwisho wa programu ya mazishi: hapo akili imeshajua ni neno gani linakuja kabla jicho halijafika. Jicho linakwenda kuthibitisha tu, na lilipoona INAWASHUKU-fulani likaridhika.

Pili, kosa kubwa hukaa kwenye herufi kubwa. Vijana pale chumba cha habari walikuwa wanachuja habari za ndani hadi nukta, lakini kichwa cha habari chenyewe kinapita, maana kila mtu anadhani mwenzake amekiona. Nimewahi kuona jina la mji limekosewa juu ya ukurasa na wote tunabishana kuhusu mkato wa aya ya nne.

Tatu, usikasirike: hapo mwisho umeandika "ya ya kuchapa".

MamaSaiba (Kisumu)

Mungu wangu. Nimelitafuta mara tatu kabla ya kuliona. Na si mtego, wadau, naapa. Siwezi hata kulirekebisha sasa, muda wa kuhariri umepita.

Rubani_wa_Boda (Kakamega)

Mi nilikuwa sijaona hiyo "ya ya" na nimesoma mara mbili. Sasa siwezi kuona kingine.

Njoro_Saikolojia (Njoro)

Niko mwaka wa nne Chuo Kikuu cha Egerton, na hili la kusoma ndilo ninalolifanyia mradi, kwa hiyo mniwie radhi nikienda mbali.

Tuanze na meseji. Ilianza kuzunguka kwa Kiingereza Septemba 2003, ikisema utafiti umefanywa Chuo Kikuu cha Cambridge. Cambridge hakukuwa na utafiti huo. Mtafiti mmoja wa lugha na ubongo aliyekuwa akifanya kazi mjini humo humo, Matt Davis, aliiona, akashangaa, akaanza kuifuatilia ilikotoka. Kitu cha kweli kilicho karibu nayo ni tasnifu ya Graham Rawlinson ya Chuo Kikuu cha Nottingham, mwaka 1976, kuhusu nafasi ya herufi katika kulitambua neno. Yaani hata chuo kilikosewa.

Na meseji yenyewe ina ujanja. Maneno mafupi imeyaacha kama yalivyo, kwa sababu neno la herufi tatu huwezi kulichanganya katikati. Yale marefu imeyasogeza kidogo tu, herufi mbili jirani zimebadilishana viti. Ndiyo maana "ubnogo" unasomeka. Sasa nisomee hili, nimefuata sheria ile ile, ya kwanza na ya mwisho hazijaguswa:

Wtifamulatia.

Mjuba_wa_Bondeni (Nakuru)

Hiyo ni dawa ya ng'ombe.

Njoro_Saikolojia (Njoro)

Ni "Walimtafutia". 😀

Kwa hiyo, bei ipo. Mwaka 2006 Keith Rayner na wenzake walipima kasi ya watu wakisoma sentensi za Kiingereza. Sentensi safi: maneno 255 kwa dakika. Wakichanganya herufi za katikati: 227. Wakigusa mwisho wa neno: 189. Wakigusa mwanzo: 163. Msomaji anafika, lakini anafika akihema, na mwanzo wa neno ndio unaomchosha zaidi.

Jambo ninalotaka kuliongeza sasa si la Rayner, ni langu, nililipata nikiwa kwenye matatu ya Njoro nikichezea daftari. Kiswahili hakiwezi kuifuata sheria ya meseji ile hata kidogo. Angalieni haya mawili:

hawatulipi
hatuwalipi

Yote yanaanza na h. Yote yanaishia na i. Herufi ni zile zile kumi, hakuna iliyozidi wala kupungua. Moja linasema wao ndio wenye deni, jingine linasema sisi. Na marefu zaidi: "hawatatuambia" na "hatutawaambia". Hesabuni herufi. Kumi na tatu, sawasawa kabisa. Kama mpangilio wa katikati si kitu, basi sisi tungekuwa hatujui nani anamficha nani siri.

Kiingereza nusu ya mzigo kinaubeba kwa maneno madogo madogo yaliyosimama peke yake. Sisi mtendaji, wakati, mtendwa na kukanusha vyote tumevipakia kwenye neno moja kama abiria wa Ijumaa jioni. Ukibadilisha viti, safari inabadilika.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiebrania kule Jerusalem waliona jambo la jamii hii mwaka 2007. Kiebrania hujenga maneno juu ya mzizi wa konsonanti, kwa kawaida tatu. Ukipindua konsonanti za mzizi unagonga mzizi mwingine halisi, na msomaji anaanguka, ilhali msomaji wa Kiingereza kwa mchezo huo huo anapita tu. Kwa hiyo si kwamba ubongo husoma hivi au vile kwa watu wote. Unajifunza ni wapi katika lugha yako pana uzito, na hapo ndipo unapolinda.

Mchora_Mabango (Kisumu)

Haya ya hawatulipi na hatuwalipi nimeyaandika kwa chaki hapa sakafuni nikahesabu. Ni kweli. Nimenyamaza kidogo.

Rubani_wa_Boda (Kakamega)

Hilo la mwanzo wa neno limeniuma. Kuna mteja wangu wa kubeba nyanya, anadaiwa wiki tatu. Akanitumia meseji: "Boss ctakulipa kesho, ni j3". Mimi nikasoma "ntakulipa kesho". Kesho yake nikaenda mpaka kwake, nimezima pikipiki, niko tayari na uso wa mtu anayelipwa. Akanionyesha simu. C! Sitakulipa kesho, ni Jumatatu. Herufi moja ilikuwa pale mbele kabisa na sikuiona kwa sababu moyo ulishajua unataka kusoma nini.

Mwalimu_Kanduyi (Bungoma)

Rubani, wewe angalau ulikuwa na C. Wanafunzi wangu wananiletea insha yenye "xaxa" na "m2" na "2taonana" na hawajui kama wamekosea.

Lakini nataka kumjibu mama kuhusu binti, maana naona mmempita. Mnauliza kwa nini watu wazima watano wameshindwa na mtoto ameona. Mtoto hajawa msomaji bado, na hapo simdharau. Sisi tunawafundisha kwa silabi: ba be bi bo bu, sha she shi sho shu. Kiswahili kinaruhusu, kila herufi inasema jina lake. Mtoto wa gredi ya tatu anapofika kwenye neno refu analipanda kama ngazi, kidato kwa kidato, na ngazi ikikosa kidato cha mwisho mguu wake unakanyaga hewa. Mimi na wewe hatupandi ngazi. Tunaruka kutoka chini tunatua juu.

Mwaka mmoja tu, dada, naye hataona. Mtumie haraka.

Na niseme la aibu yangu. Nikisahihisha insha, daftari la kwanza hadi la kumi naona kila kitu. Hapa kwetu p na b hubadilishana nyumba, unapata "papa yangu alienda Pungoma", nami ni wa huku huku, kwa hiyo hata sikio langu halilalamiki. Nikifika daftari la arubaini, kalamu nyekundu inapita juu ya "papa" bila kusimama. Mbaya zaidi, kuna wiki niliandika neno "sherehe" ubaoni nikasimama nikiliangalia. Nilikuwa nimeliona limekosewa kwa namna nyingi sana hadi lile sahihi likaniwia geni. Nikafungua kamusi mbele ya darasa nikijifanya nawafundisha kutumia kamusi.

Mjuba_wa_Bondeni (Nakuru)

Mwalimu 😂. MamaSaiba, familia ilisemaje???

Mumias_Kongwe (Mumias)

Assalaam aleikum. Nimefurahia uzi huu kwa sababu unanirudisha kwa babu yangu.

Babu alikuwa akiandikiana barua na jamaa zake wa pwani kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Wengi hapa huenda hawajui kwamba Kiswahili kiliandikwa hivyo muda mrefu kabla ya hizi a be che. Ugumu ni kwamba Kiarabu kina alama tatu za irabu, na sisi tuna irabu tano. Basi alama ya i ikafanya kazi ya e pia, na ya u ikafanya kazi ya o. Tena hakina p, kwa hiyo waandishi wengi waliitumia ile ile herufi ya be kwa b, kwa p, hata kwa mb. Kwa hesabu hiyo "bibi", "pipi" na "pembe" yanaweza kukaa kwenye karatasi yakiwa sura moja.

Nilimwuliza babu akiwa hai, unajuaje ni lipi? Akasema, "Aliyeandika barua hii namjua. Hawezi kuniomba nimsalimie pembe." Ndivyo walivyosoma. Walijua kwanza, wakaona baadaye. Sasa nyinyi vijana mnasema ubongo "unarekebisha makosa" kana kwamba ni jambo la simu. Kwa wazee wetu huko ndiko kulikuwa kusoma kwenyewe.

Mhariri_Mstaafu (Nakuru)

Mzee wa Mumias, waaleikum salaam. Hilo la babu ningelipata nikiwa kazini ningelibandika ukutani.

Njoro_Saikolojia (Njoro)

Kumbe hata meseji za Rubani ni hati ile ile imerudi. "Nko hp njo stg." Irabu zimeliwa, na msomaji anazirudisha kwa kujua nani anaandika na yuko wapi. "Hp" ni hapa au hapo, utajua ukifika stegi.

Nimalizie la macho, kwa sababu nadhani ndipo jibu la MamaSaiba lilipo. Tunadhani jicho linateleza juu ya mstari kama mkono juu ya meza. Halitelezi. Linaruka. Linatua, linakaa karibu robo sekunde, linaruka tena herufi kama saba, nane au tisa mbele, na wakati wa kuruka halioni kitu. Maneno mafupi sana mara nyingi linayaruka kabisa, na hapo ndipo "ya ya" ilipojificha. Neno refu, jicho hupenda kutua kati ya mwanzo na katikati yake. Sasa chukua INAWASHUKURU. Herufi kumi na mbili. Jicho limetua pale kwenye WA au SHU. Kinachoonekana kwa ukali ni hapo. Mkia, ile RU, unaangukia pembeni ambako kuona ni kwa ukungu, na ukungu ukiungana na matarajio, ubongo unajaza. Kosa lako lilichagua mahali pazuri pa kulala.

Na limechagua sura nzuri pia. Ungeandika INAWASHXKURU mngeliona wote watano kutoka mlangoni, kwa sababu SHX haipo katika lugha. Lakini "inawashuku" ni neno halali lenye vibali vyote. Ubongo una hisia ya kushangaza kuhusu herufi zipi hukaa pamoja na zipi hazikai. Mwaka 2012 kikundi cha Jonathan Grainger kule Ufaransa kilichapisha jaribio la nyani sita waliofundishwa kutofautisha maneno halisi ya Kiingereza ya herufi nne na maneno ya uongo, kwa kugusa skrini. Nyani mmoja, anaitwa Dan, alifikisha maneno zaidi ya 300. Hakujua hata moja lina maana gani. Alijua tu hili linakaa kama neno na hili halikai, na hata kwa maneno ambayo hajawahi kuyaona alikuwa anapatia mara nyingi kuliko kubahatisha.

Mjuba_wa_Bondeni (Nakuru)

Nyani wa Ufaransa anasoma prufu. Wetu wa pale mbugani Nakuru juzi amefungua mlango wa gari la mgeni akachukua ndizi na kitabu cha ramani. Nilidhani ni mwizi kumbe ni msomi.

Mwalimu_Kanduyi (Bungoma)

Sasa huyo Dan ningekuwa naye darasani...

Mchora_Mabango (Kisumu)

Mimi narudi hapa kukiri. Mwaka juzi nilichora kibanda cha kinyozi kule Nyalenda. KIYNOZI. Kwa chaki, halafu kwa brashi, rangi ya bluu na kivuli chekundu. Chaki ilidanganya. Nilichora na kichwa cha mtu na mkasi pembeni, na nadhani watu walisoma mkasi. Kinyozi mwenyewe amekaa chini ya bango hilo karibu mwaka mzima, ananyoa. Aliyeliona ni mtalii mmoja mzungu asiyejua Kiswahili, alikuwa analinakili kwenye simu yake herufi kwa herufi ili apate maana yake, simu ikakataa.

Kwa hiyo dada, yale niliyosema mwanzo ya visingizio nayafuta.

MamaSaiba (Kisumu)

Asante kaka, yamefutika. Na mtu akiniuliza kwa nini kompyuta haikuniambia: programu yangu ya kuandikia imewekwa Kiingereza, nikichapa Kiswahili ukurasa wote unakuwa mistari myekundu chini ya kila neno. Niliizima kitambo. Hata isingezimwa, ingekuwa imeweka nyekundu chini ya "familia inawashukuru" na chini ya "familia inawashuku" bila ubaguzi.

Na simu ndiyo adui kabisa. Nikiandika "hapa" inaniwekea "happy". Nilimtumia mteja "Niko happy nakungoja" saa mbili usiku, mume wake akanipigia.

Njoro_Saikolojia (Njoro)

Simu hufanya hesabu tu: kutoka neno uliloandika hadi neno inalolijua, ni hatua ngapi za kuongeza herufi, kutoa, kubadilisha? Hesabu hiyo ina jina la Vladimir Levenshtein, Mrusi, ya 1965. Mwaka mmoja kabla, Frederick Damerau alionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya makosa aliyoyachunguza yalikuwa hatua moja tu: herufi moja imezidi, imepungua, imebadilishwa, au mbili jirani zimepishana. Shida ni kwamba ukiwa na kamusi ya Kiingereza mkononi, Kiswahili chote ni kosa la kurekebishwa.

Na katika Kiswahili hatua moja ni mbali sana. Pata, pota, pita, piga, pika, paka, pika tena ukipenda. Maneno yetu ni majirani wa ukuta mmoja.

Mhariri_Mstaafu (Nakuru)

Kijana wa Njoro umetaja "pika" mara mbili.

Njoro_Saikolojia (Njoro)

Hiyo ilikuwa makusudi, mzee. Nusu.

Mhariri_Mstaafu (Nakuru)

Nimwachie dada mbinu za zamani, maana nadharia bila jembe haifungui shamba. Sisi tulikuwa wawili kwenye prufu moja. Mmoja ana nakala ya mwandishi, anasoma kwa sauti kila kitu, hata "nukta", "mkato", "herufi kubwa". Mwingine ana prufu na rula ya mbao, anafuata mstari mmoja, uliobaki umefunikwa. Anayesikiliza hasomi maana, analinganisha. Majina ya watu tulikuwa tunayasoma kwa silabi, kama binti yako. Wengine walianza mstari wa mwisho wakipanda juu, ili habari isiwabebe. Ukiwa peke yako, badilisha sura ya kitu: herufi nyingine, ukubwa mwingine, au kichape kwenye karatasi rangi nyingine. Ukurasa ukionekana mgeni, akili inaacha kukuambia inaujua. Na ukiweza kulala kwanza, lala.

Lakini usimpe kusoma mtu aliyekusaidia kuandika. Kifungua mimba alikutajia maneno yale kwa mdomo wake. Hakusoma karatasi, alijisikia akiongea.

MamaSaiba (Kisumu)

Hiyo ya mwisho imenikaa. Ni kweli, alikuwa anasoma huku midomo inacheza, na najua kabisa midomo ilisema "inawashukuru".

Mjuba_wa_Bondeni (Nakuru)

MamaSaiba. Kwa heshima zote. Uzi una machapisho zaidi ya ishirini, tumefika hadi kwa nyani wa Ufaransa. FAMILIA ILISEMAJE.

MamaSaiba (Kisumu), Jumatatu, saa 2:15 usiku

Haya, nasema.

Kuchapa upya sikuweza. Ile karatasi ya kung'aa ilikuwa imekwisha na duka ninaponunua lingefungua Jumamosi saa tatu, wakati mwili unatoka mochari saa moja. Kwa bahati baada ya INAWASHUKU kulikuwa na nafasi kidogo kabla ya WOTE. Nikanunua kalamu za wino mweusi nne. Mimi, kijana wangu na binti tukakaa chini sakafuni, tukaanza kuandika RU kwa mkono, ndogo ndogo, tukiziiga zile za printa. Binti ndiye alikuwa mkaguzi. Akiweka kidole anasoma hadi mwisho, "shu-ku-RU", anaweka upande wa kulia. Kufika saa saba usiku mkono wangu ulikuwa unaandika RU hata nikipumzika. Binti alilala akiwa amekumbatia kopi mia na kitu.

Asubuhi nikazipeleka nyumbani kwao mwenyewe. Sikutaka wagundue mbele za watu. Nikamtafuta mkubwa wa familia, shemeji wa marehemu, mzee wa makamo ya miaka themanini na fimbo yake, nikamwita pembeni nikamweleza kila kitu, nikamwambia malipo yaliyobaki sitadai. Akavaa miwani. Akachukua kijitabu, akageuza nyuma, akasoma polepole sana, na nilimwona akisimama pale kwenye RU yangu ya kalamu.

Nikasema, "Baba, nisamehe."

Hakunijibu. Aliwaangalia waombolezaji waliokuwa wameanza kujaa kwenye hema, akawapitia safu kwa safu. Kisha akaniinamia sikioni akauliza kama kuna hata kimoja ambacho hatujakiandika RU.

Kilikuwepo. Nilikibakiza kwenye mkoba kiwe fundisho langu. Nikampa.

Akakikunja mara mbili, akakitia mfuko wa ndani wa koti, akaniambia, "Hiki nitampa mtu mmoja tu."